Mstari Mguuni mwa Bibi Ogata

Bibi Fusae Ogata alikuwa mshona kimono huko Kanazawa. Kwa miaka arobaini alishona akiwa amepiga magoti mkekani, amekalia visigino, migongo ya miguu imebanwa chini. Sasa kifundo chake cha kulia kilikuwa na vipande vya mfupa vilivyomchoma kila alipoinuka. Daktari Sanae Iwakiri alipangiwa kuvitoa kwa kamera, kupitia matundu mawili madogo. Hakuwahi kuongoza upasuaji wa aina hiyo.

Kabla ya ganzi, alimwomba mgonjwa aelekeze mguu chini na kuugeuzia ndani, kisha akakikunja kidole cha nne. Chini ya ngozi ukajitokeza uzi mwembamba, umepita mbele ya kifundo. Ulikuwa mshipa wa fahamu. Akaufuatisha kwa kalamu.

"Unanichora kama kitambaa cha kukata, mwanangu?" aliuliza bibi.

"Nachora pasipokatwa, mama. Mshipa huu ukiumia, mgongo wa mguu utakufa ganzi, au utawaka moto kila ukiguswa."

Bibi Ogata aliutazama ule mstari. "Basi nitashona nimekaaje?" akasema polepole.

Chumbani mwa upasuaji tundu la kwanza, la upande wa ndani, halikusumbua. Kwa la pili, Sanae aliweka ncha ya kisu karibu kabisa na mstari, upande wake wa nje. Daktari Kuwabara, mwalimu wake, alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ulipochora," aliuliza taratibu, "mguu ulikuwa umekaaje?"

Mkono wa Sanae ukasita. Mguu ulikuwa umeelekea chini. Sasa, mgonjwa akiwa amelala chali, ulikuwa umesimama wima, na mguu ukisimama hivyo mshipa huteleza kuelekea nje. Wino ulibaki pale pale kwenye ngozi, lakini uzi wenyewe ulikuwa umehama, huenda hadi chini ya kisu chake.

Akakisogeza kisu upande wa ndani wa mstari. Akapasua ngozi tu, akakiweka kisu chini, akachukua koleo butu na kuitanua nyama kidogo kidogo mpaka maji yaliyojazwa kwenye kifundo ili kamera ione yakachuruzika. Ndipo akaingiza vifaa, akavitoa vipande vya mfupa.

Baadaye, wakinawa mikono, Kuwabara alimweleza kwamba yeye aliwahi kuuamini mstari kama ule. Mgonjwa wake, dereva wa lori, hakuvaa tena kiatu bila kuuma meno.

Asubuhi Sanae alipitisha pamba juu ya mguu na kwenye kila kidole, bibi akiwa amefumba macho.

"Nasikia kote," alisema. "Na pamba yenyewe ni duni."

Sanae alicheka, akageukia dirisha ili afute macho.

Miezi mitatu baadaye, Bibi Ogata alipanda kitanda cha kliniki, akapiga magoti, akakalia visigino, akatulia. Wagonjwa wengine walikuwa wakingoja nje. Hakuna aliyemwambia ashuke.