Nusu ya Maneno ya Daktari

"Ulimnyima mwanangu ugali mpaka akafa!" Mama Justa alifoka mbele ya waombolezaji.

"Sikumnyima, mayu, mama yangu. Aliukataa mwenyewe."

"Msukuma gani anakataa ugali?"

"Mwenye sukari," Eufrasia alimjibu mama mkwe wake.

Ilikuwa siku ya tatu tangu wamzike mumewe Jilala, hapo kijijini Samuye. Eufrasia alikaa mkekani, machozi yamemkauka.

Mwaka uliotangulia, 1983, daktari alimwambia Jilala apunguze ugali, ale choroko, mlenda na samaki. Jilala alishika nusu. Ugali aliuacha kabisa, lakini mwenye ng'ombe sitini angeonekanaje anakula choroko? Akala nundu, na maziwa akayatia samli. Kitambi kikaisha, sukari ikashuka. Eufrasia akafurahi, akazidi kumkaangia. Kisha cheti cha damu kikaja kutoka Mwanza: sukari nzuri, ila mafuta kwenye damu yamekaribia mara mbili ya kawaida.

"Mafuta gani, Mama Limi, kwa mtu aliyekonda hivi?" Jilala alimwambia mkewe, akicheka. Naye Eufrasia akakikunja kile cheti, akaendelea kukaanga.

Kama mafuta ndiyo yaliyomuua, hakuna aliyemthibitishia. Lakini mikono iliyokaanga ilikuwa yake.

"Mwache shemeji, mama," alisema Thobias, mdogo wa marehemu, naye ana sukari. "Kaka alikula vizuri. Hata mimi nimemfuata. Oneni mkanda, nimeutoboa matundu mapya!"

Watu wakacheka kidogo. Eufrasia hakucheka. Asubuhi ile ilikuwa ya baridi, na Thobias alikuwa akitokwa jasho usoni, huku anakanda bega la kushoto.

"Shemeji, una nini?"

"Kiungulia tu. Tangu jana."

Jilala naye alisema kiungulia. Alisema hivyo mara mbili, kisha hakusema tena.

Eufrasia akasimama.

"Keti!" Mama Justa alimkemea. "Mjane hajanyolewa, anakwenda wapi? Ukivuka ua huu, usirudi. Wala kaburi la mwanangu usilikanyage!"

Pale kaburini hata udongo haujakauka.

"Nikikaa, mayu, utazika wa pili."

Akamwinua Thobias kwa kumshika makwapani, akamlaza kwenye mkokoteni, akafunga ng'ombe mwenyewe. Hakuna aliyemsaidia. Akashika fimbo, akawaswaga kuelekea hospitali ya Shinyanga mjini, analia kwa sauti, bila kupunguza mwendo.