Kikombe cha Maji kwa Sakaya

Simaloi aliposikia kuwa Sakaya amefungua tena kilabu chake cha pombe kule Tengeru, hasira ilimpanda. Mumewe, Loserian, fundi wa kuchomelea mageti kule Kimandolu, alikuwa amekunywa kwa Sakaya gongo, ile pombe kali iliyopigwa marufuku, siku ya kipaimara cha binti yao. Kesho yake akaamka akilalamika kuona ukungu mweupe. Baadaye ukawa giza tupu. Rafiki yake aliyekunywa naye alizikwa wiki ileile.

Hospitali waliambiwa gongo ilitiwa methanoli, spiriti ya viwandani. Mwilini iligeuka sumu, ikaunguza mishipa ya macho na sehemu ya ndani ya ubongo inayoongoza mwendo.

Sasa Loserian alitembea kama anayevuka tope, mikono ikitetemeka, uso umekakamaa. Lakini akili ilikuwa palepale. Kilichomuudhi Simaloi zaidi ni watu kumwongelesha mumewe kama mtoto mchanga.

"Nipeleke kwa Sakaya," Loserian alisema kwa sauti iliyofifia.

Walimkuta akiwahudumia wateja. "Shemeji, poleni," Sakaya alisema. "Ila gongo yangu haina neno. Mumeo alizidisha tu."

"Mpe maji ya kunywa," Simaloi alijibu.

Sakaya akamimina. Loserian alipapasa, akakishika kikombe. Kilitetemeka kutoka mezani hadi mdomoni, maji yakamwagikia shati lote. Hakuna aliyecheka.

"Nilikaa benchi hili," Loserian alisema taratibu, akivuta kila neno. "Nilikuwa naona. Nilikuwa nachomelea. Nilikunywa glasi mbili tu."

Mzee mmoja akasukuma glasi yake mbali, akainuka. Wengine wakamfuata.

"Unaniharibia biashara!" Sakaya alifoka. "Nitaita polisi!"

Simaloi alikuwa ameshalifikia pipa la gongo lililokuwa uani. Akaliegemea kwa bega, likapinduka, harufu kali ikajaa uani.

"Waite! Uwaambie nimemwaga nini!"

Sakaya hakuita mtu. Mwisho wa mwezi akahama.

Jirani aliyemletea Simaloi habari hiyo alidhani Simaloi atafurahi.

"Sasa mshukuru Mungu, mama. Ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Nasikia anauzia Themi, nyuma ya magereji."

Simaloi akalitoa koti la mumewe msumarini, akamvalisha mkono mmoja, kisha wa pili.

"Twende," Loserian alisema, kabla hajaambiwa kitu.