Shimo la Baridi la Lac Vert

Kama kulikuwa na kitu ambacho Cirimwami alijivunia, basi kilikuwa shimo. Hakulisifu mbele za watu, maana hakuwa mtu wa kupaza sauti. Lakini mgeni akimuuliza inawezekanaje kompyuta zake zifanye kazi mchana na usiku kwa paneli chache za jua, bila jenereta, alimpeleka kando ya ziwa la Lac Vert, kwenye kiwanja cha Mama Clotilde, akamwonyesha mdomo wa shimo katikati ya mawe meusi ya volkano, na kumwambia anyooshe mkono. Hewa iliyokuwa ikitoka mle ilikuwa baridi kama maji ya mtungi.

"Mashine ikipata joto inakufa," alimweleza. "Wengine wanaipozea kwa klimatizeri, na klimatizeri inakula umeme kuliko mashine yenyewe. Mimi nilitafuta baridi ya bure."

Chini ya shimo lile lilisimama kabati la chuma lenye seva zote. Humo mlikuwa na mafaili ya shule, ya wakulima wa kahawa, na zaidi ya yote ya maternité, nyumba ya kujifungulia ya mkunga Mama Héritière kule Katoyi. Zamani mafaili hayo yalihifadhiwa Ulaya. Kebo ikikatika njiani, mkunga alibaki akimtazama mama mjamzito aliyekaa mbele yake asijue alijifunguaje mara ya mwisho. Cirimwami, ambaye alianza kwa kutengeneza redio na kujifunza mengine peke yake, aliona jambo hilo halina maana. Faili la mtu wa Katoyi likae karibu na Katoyi. Alimtafuta Charline, mwanamke wa Kinande aliyekuwa akipanda minara ya antena kama mtu anayepanda ngazi ya nyumbani kwake, wakaanza kazi pamoja.

Tatizo la shimo walilijua tangu mwanzo. Hakuna mtu wa upande ule asiyejua mazuku, ile hewa nzito isiyoonekana wala kunuka, inayotoka chini ya mawe na kutulia mahali pa chini. Mbuzi akiingia bondeni asubuhi wakati hakuna upepo, hatoki. Mtu akimfuata mbuzi, naye hatoki. Siku ya kwanza ya kuchimba, Mama Clotilde alikuja na mikono kiunoni.

"Papa Cirimwami, fasi ile mazuku inalalaka."

"Mashine hazipumui, mama."

"Na weye?"

Swali hilo alilichukua kwa uzito. Aliweka feni ndogo na bomba, iwe inavuta hewa ya chini na kuitupa nje saa zote. Akaweka na sheria: hakuna kushuka kabla ya kuteremsha taa ya mafuta kwa waya mpaka chini kabisa. Taa ikizimika, hakuna mtu kushuka. Ikiendelea kuwaka, anayeshuka afungwe kamba kiunoni, na mwingine aishike juu. Walishuka hivyo mara nyingi, kupangusa vumbi au kuongeza diski, na taa haikuwahi kuzimika. Mama Clotilde mwenyewe alizoea kushika kamba huku akichambua maharagwe.

Asubuhi ile, baada ya mvua ya usiku kucha, seva zote zilinyamaza kwa pamoja. Cirimwami alikuwa Katoyi, akitengeneza antena ya maternité, wakati Mama Héritière alipotoka nje na simu mkononi.

"Papa, hakuna faili inafunguka. Na niko na mama mwenye mimba ya mapacha hapa. Ule alipasuliwa mwaka jana, lakini hajui walimufanya nini, na bwana yake naye hajui."

Cirimwami alimpigia Charline, aliyekuwa akikaa karibu na Lac Vert.

"Nimeshafika," Charline alisema kabla hajaulizwa. "Antena ni nzima, betri zimejaa. Ni swichi kubwa ya chini imeruka ikajizima, maji yameingia mahali. Ni kuirudisha tu. Nimeteremusha taa, inawaka vizuri. Ngoja nitafute bisibisi, nashuka."

"Kamba?"

"Mama Clotilde iko na kamba. Ananifunga kama vile mbuzi ya sikukuu ya Noël."

Cirimwami alicheka, akakata simu, akapanda pikipiki ya kukodi. Kwa mawazo yake alikuwa anakwenda kusaidia kukausha maji tu. Barabara ya kwenda Sake, inayopitia Lac Vert, ilikuwa na matope, na mwendesha pikipiki alikwenda polepole akikwepa madimbwi. Cirimwami alifanya kama alivyozoea kufanya njiani: alipanga kazi kichwani, waya kwa waya. Swichi kubwa imeruka. Swichi hiyo inalisha nini? Seva. Kifaa cha mtandao kinachopeleka mawasiliano kwenye antena. Na nini kingine?

Na feni.

Feni aliifunga yeye mwenyewe kwenye swichi ileile, kwa sababu waya ulikuwa pale karibu. Kila mara waliposhuka na taa ikawaka, mashine zilikuwa zinafanya kazi na feni inavuta. Shimo lilikuwa salama siku zote ambazo hakukuwa na haja kubwa ya kushuka. Sasa lilikuwa limeharibika, watu wanalazimika kushuka, na hewa imelala. Charline aliteremsha taa, ndiyo. Kisha akaenda kutafuta bisibisi, na mazuku haikumngoja; iliendelea kujaa.

Alipiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akapiga ya Mama Clotilde, nayo ikaita bure. Mikono ya Mama Clotilde ilikuwa na kamba.

"Kimbiza, papa," alimwambia mwendesha pikipiki.

"Tutaanguka, muzee."

"Tuanguke, lakini kimbiza."

Aliingia kiwanjani mbio, kiatu kimoja kikiwa kimebaki matopeni. Mama Clotilde alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo, kamba imezungushwa mkononi, akiongea na aliye chini.

"Mutoke!" Cirimwami alipiga kelele. Watu wa jirani walisema baadaye kwamba hawakuwa wamewahi kuisikia sauti yake kwa nguvu. "Charline! Panda!"

"Kumbe muzee ana sauti," Charline alijibu kutoka chini. "Natafuta tu... bisibisi imeniponyoka. Ngoja ni..."

Kisha hakusema kitu. Charline, ambaye hata juu ya mnara, upepo ukiutikisa, hakuwahi kuacha utani katikati.

"Vuta, mama!"

Walivuta wote wawili, na mwendesha pikipiki akaja akashika nyuma yao. Kamba ilikuwa nzito kama gunia la mkaa lililolowa. Kichwa cha Charline kilitokea kimeinama kifuani. Walimburuta juu ya mawe mpaka kwenye kilima kidogo penye hewa, wakamlaza ubavu. Midomo yake ilikuwa na rangi mbaya. Mama Clotilde alikuwa akimwita kwa jina lake la nyumbani, Masika, Masika, huku akimpepea kwa kitenge. Cirimwami alipiga magoti na kutazama mbavu zake. Kwa muda hakuona kitu. Halafu zikapanda. Zikashuka, zikapanda tena, na Charline akavuta pumzi kubwa yenye sauti, akatapika juu ya magoti ya Cirimwami.

"Kichwa," alisema alipoweza. "Banapiga nyundo ndani ya kichwa." Akatazama huku na huku. "Swichi sijairudisha. Nipeni dakika."

"Apana," Cirimwami alisema.

"Mama wa mapacha, muzee..."

Simu ililia mfukoni mwa Cirimwami. Alikuwa Mama Héritière. Cirimwami alitafuta maneno ya kumpunguzia, hakuyapata, akamwambia kama ilivyokuwa: kwamba Charline nusura afie shimoni, na kwamba faili halitapatikana leo, pengine wala kesho.

Upande wa pili zilisikika sauti za wanawake kwa mbali.

"Charline anapumua?"

"Anapumua."

"Mumulete hapa nimuangalie. Huyu mama nitamupima mwenyewe, niko na macho na mikono. Kovu liko, nitalifuata. Nikiona mambo yamenishinda, namupeleka hospitali kubwa. Papa, mutu asikufe juu ya faili yangu."

Mwendesha pikipiki alimpakia Charline, na Mama Clotilde akakaa nyuma kumshikilia. Cirimwami alibaki peke yake na shimo. Alichukua taa, akaiwasha, akaiteremsha taratibu. Kwenye usawa wa juu wa kabati ulimi wa moto ulirefuka, ukawa mwekundu, kisha ukazimika bila moshi. Alikaa muda mrefu akiushikilia ule waya.

Kesho yake Charline alirudi, macho mekundu, akiwa ametumwa na Mama Héritière aseme kwamba mapacha wanalia kwa zamu na mama yao hana neno. Alimkuta Cirimwami akikunja nondo kuwa kulabu.

"Tunaweza kutenga feni," alisema. "Ipate waya yake na betri yake pembeni. Inakuwa sawa."

"Na siku betri ya feni itakufa?"

Charline alishika ncha ya pili ya nondo, wakaikunja pamoja.

"Nilikuwa nahesabu joto la mashine tu," Cirimwami alisema. "Nilihesabu vibaya."

Hakuna aliyeshuka. Waliliopoa kabati kwa kulabu kutoka juu, kama watu wanaotoa ndoo iliyozama kisimani, na majirani wakavuta kamba mbili. Walilibeba mpaka kwenye jiko la zamani la Mama Clotilde, lenye kuta nene za mawe. Ndani kulikuwa na ubaridi kidogo tu. Walitoboa madirisha mawili yanayotazama ziwa, wakakubaliana kwamba saa za joto kali nusu ya seva zitazimwa. Ya maternité itabaki ikiwaka. Mkubwa wa shule moja alikasirika na kusema atayarudisha mafaili yake Ulaya. Cirimwami alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia anamwelewa.

Jioni, kabla jua halijaingia, Charline alibeba jiwe kubwa jeusi, akalibwaga shimoni. Walisikia likigonga kuta, kisha chini. Cirimwami akaleta lake. Mama Clotilde aliacha chungu motoni, akaanza kukusanya mengine kwenye beseni.

"Musifukie shimo yote leo," alisema. "Mawe ya kesho bado iko mengi."

Lakini hakuna aliyeacha.