Marahaba ya Msimamizi

Revocatus alianza kazi katika kampuni ya pamba akiwa mshika mizani kule Butiama. Alipopandishwa kuwa msimamizi wa eneo zima la Bugwema, akaacha kutembea kama watu. Alinunua kofia pana ya kaki. Malalamiko ya wakulima aliyasikiliza kwenye baraza ya ghala, yeye kitini, wao juani. Kata ilikuwa na mtendaji wake wa serikali, sawa, lakini mtendaji hakuwa na mabomba ya kupulizia dawa. Mabomba alikuwa nayo Revocatus, na funza wa pamba hawamsubiri mtu.

Basi akatoa amri: mwakilishi wa kampuni ataamkiwa shikamoo na kila mkulima, bila kujali umri. Asiyeamkia atapewa bomba mwisho.

Mzee Keraryo, wa miaka sabini na nane, ndiye aliyetangulia kutii.

"Shikamoo, mjukuu wangu."

Foleni nzima ikaangalia chini isije ikacheka.

"Marahaba," akajibu Revocatus bila haya hata chembe.

Alichokitaka ni Bunda. Bunda kulikuwa na pikapu, kiyoyozi, na wasimamizi wadogo saba wa kuwafokea. Tatizo, kampuni haikuwa ikimpandisha cheo mtu mwenye ndugu wanaolima katika eneo lake, naye kwenye fomu alikuwa ameandika kwamba hana. Mama yake mzazi, Nyangi, alilima ekari mbili hapo hapo Bugwema! Bomba alikuwa akimpelekea mwenyewe, kimyakimya, anamwamkia kwa adabu, anakula ugali na furu, samaki wadogo wa ziwani, anaondoka.

Wiki ambayo mkurugenzi, Bi Prudence, alikuja kutoka Musoma, Revocatus alishughulika na kupaka ghala rangi, akasahau bomba la mama. Funza hawakusahau. Nyangi akaja kupanga foleni.

Wakulima walipita mmoja mmoja wakiamkia, na Bi Prudence akafurahia nidhamu ile, bahasha ya cheo cha Bunda mkononi. Nyangi alipofika mbele, alisimama tu.

"Mbona huyu mama haamkii?" aliuliza Bi Prudence. "Unamfahamu?"

Aibu ilimpata Revocatus, tena aibu ya kweli. Akaitazama bahasha, aibu ikampungua.

"Ni mkulima wetu mmoja," alisema. "Mama, amkia."

Nyangi alimtazama tangu kofia hadi viatu. Kisha akapiga goti, kama binti anavyomwamkia mkubwa wake.

"Shikamoo, Bwana Kampuni."

Hakuna aliyecheka, hata Mzee Keraryo.

"Marahaba," alisema Revocatus, na bahasha akapewa.

Nyangi alibeba bomba lake mgongoni akashika njia ya shambani. Jirani yake Marcelina akamkimbilia.

"Mama Revo, ni kweli mtoto anahamia Bunda?"

"Mtoto nilikuwaga naye," alisema Nyangi. "Huyo wa Bunda mimi namwamkiaga tu."