Ulimi Uliokwanguliwa

Asubuhi ya kwenda kwa Daktari Cheng kutibiwa tumbo, Fang Cailian aliutazama ulimi wake kwenye kioo, akashtuka. Ulikuwa umevaa utando mzito mweupe, kama lile jibini la soya analolivundika mpaka liote manyoya ya ukungu, halafu huliuza sokoni mjini Shexian. Jamani! Na kwa daktari huyo wagonjwa hukaa benchi moja, kila mtu akichungulia ulimi wa mwenzake. Si wangemcheka mpaka Mwaka Mpya? Akachukua kijiti cha mwanzi, akaukwangua ulimi mpaka ukawa mwekundu.

Kwao hata mtoto anajua kwamba ukienda kwa daktari ulimi haukwanguliwi, maana ndio anaousoma kujua ugonjwa. Mzee Cheng aliutazama, akakunja uso.

"Bi Cailian, umeukwangua?"

"Mimi? Niukwangue ili iweje, Mzee?" akajibu kwa sauti, benchi zima likisikia.

Basi mzee akaamini macho yake: tumbo limekauka. Akampa dawa za kulitia unyevu, kumbe mwili wenyewe ulikuwa tayari umejaa unyevu tele, na ule utando ndio ungemwonyesha. Siku nane Cailian alitapika, hata uji haukupita.

Siku ya tisa mumewe alimrudisha kwa daktari, hana nguvu hata ya kushika kijiti. Alipotoa ulimi, utando ulikuwa umeufunika wote. Daktari aliuinamia kwa muda mrefu. Hakumlaumu hata kidogo. Akawageukia watu wa benchi.

"Jamani, tafuteni daktari mwingine. Huyu nilimwona mkavu, kumbe kalowa. Macho yangu yamekwisha. Nitakuja kuua mtu."

Binti wa daktari akaanza kulia huku akiondoa mezani kimto cha kuwekea mkono wa mgonjwa anapopimwa mapigo. Cailian alihisi uso unawaka. Akinyamaza, nani atajua? Na kweli alinyamaza, mpaka alipomwona mzee anavua miwani.

"Niliukwangua," akasema. "Niliona aibu, nikakudanganya. Macho yako ni mazima, Mzee."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

"Juzi mumeo alikuja kuniambia unatapika," mzee akasema polepole. "Tangu hapo nikaanza kuyaogopa macho yangu. Jana kaja mama na mtoto mchanga mgonjwa, katembea kutoka milimani tangu alfajiri. Nikamwambia siwezi, aende zake."

"Nitamfuata! Nitatambaa nikishindwa kutembea, nimrudishe. Anaitwa nani? Wa kijiji gani?"

"Sikumuuliza."

Mzee akavaa miwani yake, akavuta kiti karibu. "Haya, toa ulimi."

Cailian akautoa wote mbele ya benchi zima, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Mdomo ukiwa wazi hivyo, hakuweza hata kuomba radhi.