Herufi J Ilikuwa Imebanwa

Asubuhi ya ukaguzi, fundi wa programu alifungua kompyuta inayoendesha mashine ya kukatia karatasi, akaona kwenye skrini kwamba herufi J imebanwa. Pale ofisini alikuwa peke yake, na mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kikombe cha chai.

Kisu cha mashine ile kilishuka pale tu F na J zilipobanwa kwa pamoja, ili mikono ya mkataji iwe mbali. Mwezi uliopita meneja alilalamika kuwa kazi inajikokota, akamwagiza fundi aifanye programu ihesabu J kuwa imebanwa hata ikishaachiwa. Fundi alitii. Siku ya tatu kisu kiliukata kabisa mkono wa kulia wa mkataji, shemeji yake. Jioni ile ile meneja akaamuru programu irudishwe ilivyokuwa, na kwenye ripoti akaandika: uzembe wa mfanyakazi. Fundi aliapa kumwambia mkaguzi ukweli, maana ripoti ikipita hivyo, lawama ingemganda shemeji maisha yake yote.

Kwanza alijishuku mwenyewe. Dirisha la programu likifunikwa na jingine, taarifa ya kitufe kuachiwa huweza kupotea, kompyuta ikabaki inaamini bado kimebanwa. Akafuta orodha ya vitufe vilivyobanwa, akawasha upya. J ikarudi. Akainama kutazama: kitufe kilikuwa kimezama, tena kina joto la kidole. Akamshuku meneja. Meneja alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni, akimshuku yeye.

Mkaguzi alipoingia na mkataji, alikitazama kitufe kilichozama, akauliza mkono usioonekana unaokibana ni wa nani. Mkataji alisema ni wake, ule uliokatwa. Tangu ajali umekuwa ukiwahi kazini kila siku saa mbili kamili. Mkataji akabana F kwa mkono wa kushoto, kisu kikashuka vizuri kabisa.

Fundi alijikaza kisabuni, akaeleza yote, pamoja na kosa lake mwenyewe. Meneja alicheka, akasema huyu anamtetea ndugu wa mumewe. Mkaguzi alielekeza kalamu kwenye kitufe.

“Mama, mkono huu haujui kuachia. Programu yako haina kosa.”

Akaandika uzembe, akagonga muhuri.

“Shemeji,” mkataji alisema taratibu, “siku ile niliachia.”

“Najua.”

Meneja alikuwa ameshaleta rundo la karatasi. Alimwambia mkataji kwamba mikono imetimia, aanze kazi. Mkataji akalisukuma rundo kwa kifua hadi chini ya kisu, akaweka mkono wa kushoto kwenye F.