Bura Stars Ilipoitwa Garissa

Mwalimu Mwiti alipotumwa Bura kufundisha hesabu, watu walisubiri wiki nzima wamwone akifungua gunia la miraa. Mmeru, walivyojua wao, havuki Mto Tana kwa sababu nyingine. Alipofungua mzigo wake wakaona mipira miwili na filimbi, walicheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakamwonyesha uwanja: kipande cha mchanga nyuma ya soko, kimezungukwa na vichaka vya mathenge ambavyo miiba yake ilitoboa mpira kila baada ya siku mbili. Hapo ndipo ilipozaliwa Bura Stars.

Klabu hiyo haikuwa na akaunti ya benki. Ilikuwa na mbuzi. Kila msimu ulipoanza, nyumba yenye uwezo ilitoa mbuzi mmoja, akakatwa alama ndogo kwenye sikio la kushoto, akaunganishwa na kundi la Dubow, mchuuzi wa mifugo ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Timu ikisafiri, mmoja anauzwa kwa ajili ya nauli. Timu ikishinda, mmoja anachinjwa. Kaltun, mjane anayeuza maziwa ya ngamia karibu na msikiti, alitoa mbuzi jike kila mwaka, tena aliyenona, na siku ya mechi aliwaongoza kina mama kuimba mpaka refa akasahau kupuliza. Asiye na mbuzi katika kundi lile aliruhusiwa kutazama mpira, lakini kumkosoa kipa hakuruhusiwa.

Mwaka wa saba wakachukua ubingwa wa kaunti, wakapanda ligi ya kanda. Furaha ilidumu siku nne. Ligi ya kanda ilitaka uwanja wenye ukuta na vyoo, na mathenge si ukuta hata umbembeleze vipi mkaguzi. Uwanja wa namna hiyo ulikuwa Garissa mjini. Ilitakiwa pia timu iwe na mfadhili, maana mechi za ugenini zilikuwa Wajir, Mandera na kwingineko ambako mbuzi mmoja hakufikishi, na timu iliyokosa mechi mbili ilifutwa.

Mwiti akahangaika, akampata Shamis, mama mwenye malori ya unga na sukari, mwenye ofisi ya feni tatu, anayezungumza kwa upole na kuamua haraka.

"Basi nitatoa, chakula nitatoa, uwanja nitalipa," alimwambia. "Lakini Bura nani anaijua, Mwalimu? Mimi nauza unga Garissa. Timu iitwe Garissa Stars. Na nataka kuona jukwaa kuu limejaa. Mara moja tu, kabla mechi ya tano ya nyumbani haijaisha. Lisipojaa, tutaagana bila ubaya."

Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kusajili timu. Mwiti alitoka nje akampigia Dubow, aliyekuwa Hagadera sokoni akiuza ng'ombe. Simu ilikwaruza.

"Jina?" alisema Dubow. "Mwalimu, jina sio kitu ya simu. Ngoja nirudi tukae. Tuite wazee, tukae."

"Mzee, ofisi inafungwa saa kumi."

"Basi ifungwe. Kesho si itafunguliwa?"

Mwiti alikata simu. Tukae, tukae! Bura kila jambo lilikaliwa. Kisima kikipungua maji, watu wanakaa. Kijana akigonga punda wa jirani kwa pikipiki, watu wanakaa siku mbili, na chai juu yake. Yeye alikuwa na saa mbili tu. Akapiga hesabu zake. Bura iko ndani ya Garissa, sivyo? Kule kwao, mtu wa Maua na mtu wa Nkubu wakikutana Nairobi wote ni Wameru, wanakumbatiana barabarani. Bura ina watu elfu chache, Garissa mjini wanazidi laki. Aliiona laki nzima imesimama inapiga makofi. Akarudi ndani, akatia sahihi.

Hakuna aliyemgombeza. Angegombezwa ingekuwa nafuu. Habari ilipofika, watu walianza kwenda kwa Dubow asubuhi, mmoja mmoja. Walikunywa chai, wakaulizana hali ya malisho, kisha kila mmoja akamshika mbuzi wake mguu na kuondoka naye. Mwiti alisimama kwenye mlango wa zizi akiwasalimia, nao wakamwitikia vizuri kabisa, wakamuulizia mpaka mama yake aliyeko Meru. Upole ule ulimuumiza kuliko matusi.

Kaltun alifika wa mwisho, na kamba alikuwa nayo tayari.

"Mama, hata wewe?" Mwiti alisema.

"Mimi huyu mbuzi nilibea Bura," Kaltun alijibu akifunga fundo, p zake zikitoka b kama za wazee wengi wa Bura. "Hao watu ya Garissa mimi siwajui. Wakitaka mbuzi, wakuje waombe."

"Lakini vijana ni wale wale! Nahodha wetu Yahye ni yule yule, umemlea mwenyewe. Ni jina tu limebadilika."

"Jina tu?" Kaltun aliinua uso. "Mtoto yako mtu akimwita kwa jina ya baba ingine, utasema ni jina tu?"

Akamvuta mbuzi wake, wakaenda zao. Mwiti alimgeukia Dubow, aliyekuwa ameketi kwenye jerikeni akisugua meno kwa mswaki wa mti.

"Ungengoja tukae," alisema Dubow, bila hasira. "Tungekaa siku mbili, tungebiga kelele, Kaltun angelia, mwisho tungekubali. Hii jina tungekubali, walahi. Tulitaka basi kama wewe."

"Basi tukae sasa! Leo! Nitawaomba radhi mbele ya wote."

"Sasa tukae juu ya nini? Umeshamaliza beke yako."

Mwiti alirudi Garissa kuomba jina la zamani. Karani wa ligi, kijana mwenye tai, alimwambia jina halibadilishwi mpaka msimu uishe. Akamwomba tena kesho yake. Karani akampa jibu lile lile, na soda.

Mechi ya kwanza ya nyumbani ilitazamwa na watu thelathini na wachache, nusu yao wakikimbia jua. Vijana walishinda mabao matatu. Yahye, nahodha, fundi wa pikipiki mwenye mguu wa kushoto wa hatari, alitoka uwanjani akitema mate ya vumbi.

"Mwalimu, hii ni kama kuchezea makaburini," alisema. "Ata wa kututusi hakuna."

Kina mama wa Bura hawakuja. Mwiti alikuwa ametuma basi la Shamis likawachukue, likarudi na dereva na abiria wawili waliokuwa na safari ya hospitali.

Basi akaamua kuwatafuta watu wa Garissa. Alikodi bajaji akafunga spika juu yake, akazunguka mji mzima kwenye jua la saa saba akitangaza mpaka sauti ikakauka. Timu yenu! Vijana wenu! Jumamosi njooni! Watu walimpisha njia kama wanavyompisha muuza dawa ya panya. Hapo alipoteremka kunywa chai, mwenye hoteli alimuuliza swali ambalo hakulitegemea.

"Hiyo timu ni ya nani?"

"Ya Garissa. Yenu."

"Garissa gani? Hao si watoto wa Bura?"

"Wewe si unaishi Garissa?"

"Nafanya kazi Garissa. Mimi ni mtu wa Masalani." Akamwonyesha fundi cherehani wa upande wa pili. "Yule ni wa Modogashe. Huyu wa simu ni wa Mandera. Yule mama wa mitumba ni Mkamba wa Mwingi. Tafuta watu wa Garissa uwaambie."

Aliwatafuta. Akaenda kwa walimu wenzake na wafanyakazi wa serikali kutoka Nairobi na kwingineko, akidhani hao angalau hawana ukoo wala kisima cha kugombania. Hao ukiwatajia mpira walikutajia timu za Uingereza. Wiki nzima alitembea mji ule wenye watu zaidi ya laki moja, wote wamejenga, wamezaa, wamezika, na moyo wa kila mmoja ukiwa mahali pengine. Tena hakuwa na haki ya kuwalaumu. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa Bura miaka saba, na akiulizwa kwao ni wapi alisema Meru kabla swali halijaisha.

Mechi ya pili ikapita, na ya tatu, na ya nne. Timu ilikuwa ya pili kwenye jedwali, jambo ambalo lingeitia Bura wazimu, lakini jukwaa kuu lilibaki na kunguru wake. Shamis hakufoka. Alipiga simu kila Jumapili kuuliza, "Wangapi?" Mwiti akataja idadi, naye akasema, "Haya, Mwalimu."

Mechi ya tano ilikuwa dhidi ya Bute FC, timu ya mji mdogo wa Wajir Kaskazini, mbali kule karibu na mpaka wa Ethiopia. Mwiti hakutangaza. Nguvu zilikuwa zimemwisha. Siku tatu alizipitisha akitafuta maneno ya kuwaambia wachezaji kwamba hakuna kurudi Bura wala kubaki Garissa, hakuyapata.

Jumamosi, saa tisa kasoro, alikuwa amekaribia lango la uwanja aliposikia kelele. Kwanza alidhani ni mkutano wa siasa. Kisha akaona bajaji zimepangana hadi barabarani, na watu wanateremka: wazee wenye ndevu za hina, wanafunzi wa chuo, wenye maduka waliofunga maduka Jumamosi mchana, kina mama na chupa zao za chai, watoto wamevaa nguo za Idi. Jukwaa kuu lilikuwa limejaa. Wengine walikuwa wamekaa kwenye ngazi.

Mwiti alisimama langoni akahesabu safu mpaka ya juu kabisa. Machozi yalimtoka, mtu mzima, na hakuyafuta. Akampigia Shamis. "Mama, njoo. Njoo sasa hivi uone kwa macho yako!" Akakimbilia chumba cha kubadilishia nguo, akawaambia vijana, "Limejaa! Mnasikia? Limejaa!" Yahye akarukaruka na jezi kichwani.

Garissa Stars wakatoka wa kwanza. Jukwaa likanyamaza, likawatazama kwa adabu. Mwiti akajiambia hawajawazoea. Kisha wakatoka Bute, na uwanja ukalipuka. Shuka zikapepea, kina mama wakapiga vigelegele, mzee aliyekaa karibu na Mwiti akasimama juu ya kiti na bakora yake akiwaita wachezaji kwa majina ya babu zao.

Mwiti alimsubiri achoke. "Mzee, mmefika leo kutoka Bute?"

"Bute?" Mzee alimcheka. "Mimi nimezaliwa hapa Garissa, mtaa ile pale. Bute sijawahi kufika hata siku moja. Lakini ni kwetu."

Shamis alifika dakika ya ishirini, akaketi kando ya Mwiti na mwavuli wake. Vijana walicheza kama wanaopigania roho, kwa sababu ndiyo waliyokuwa wakipigania. Yahye alifunga kabla ya mapumziko, shuti la mbali ambalo Bura lingeimbwa mwezi mzima, na uwanja mzima ukawa kimya kiasi cha kusikika adhana ya msikiti wa mbali. Alifunga tena mwishoni. Ilikuwa kimya tena. Garissa ilishinda mbili bila, Garissa, na watu wakaanza kukunja mikeka yao wakipeana pole.

"Jukwaa limejaa," Mwiti alisema. Sauti yake mwenyewe ilimtia aibu.

"Nimeona."

"Tulikubaliana lijae mara moja. Hukusema lijae watu gani."

"Ni kweli, sikusema." Shamis alifunga mwavuli wake taratibu, na alikuwa na huruma machoni, huruma ya kweli. "Lakini mimi na wewe si watoto, Mwalimu. Hawa wamefunga maduka kwa ajili ya mahali ambapo wengine hawajawahi kupaona. Timu kama hiyo ndiyo natafuta. Vijana wako ni wazuri, Mungu awape riziki. Nauli ya kurudi Bura nitawapa." Akatoa simu. "Mwenyekiti wa Bute una namba yake?"

Angeweza kusema hana. Lakini alikuwa nayo, walikuwa wameongea juzi kuhusu rangi za jezi, na uongo hakuwahi kuuweza. Akaifungua simu yake na kuanza kusoma, tarakimu moja moja, kama anavyowasomea wanafunzi jibu ubaoni.

Hapo Yahye akaja mbio akiruka ngazi mbili mbili, jasho linamtiririka, na nyuma yake timu nzima ikiimba wimbo wa kina mama wa Bura.

"Mwalimu! Tumebaki! Mama Shamis, umeona? Wacha washangilie hao Bute, si lilisemwa lijae tu? Limejaa! Tumebaki kwa ligi!" Akamkumbatia Mwiti kwa mikono yote miwili, akamwinua kutoka chini. "Sema kitu, Mwalimu!"

Mwiti aliwatazama wote kumi na wanane, kisha akatazama chini. Shamis alikuwa bado na simu mkononi, kidole kimesimama hewani.

"Hiyo ya mwisho sikusikia," alisema kwa upole. "Ni saba ama tisa?"

"Tisa," alisema Mwiti.